Bandia, Ghushi na Viraka: Istilahi za Saa za Mkono Zilizochanganywa Vipande

Neno bandia limetwishwa mzigo usio wake. Mtu akifuatilia habari za biashara ya saa za kale za mkono, aghalabu hulikuta neno hilo moja likitumiwa kwa mambo manne au matano yasiyofanana: saa iliyoigizwa tangu kioo hadi kifuniko cha nyuma, saa ya kweli iliyobadilishwa uso, saa iliyoungwa kwa vipande vya saa tatu zilizokufa, na hata saa mpya iliyoundwa kwa sura ya zamani bila ya hila yoyote, muuzaji akasema hivyo waziwazi. Fundi mwaminifu aliyeifufua saa ya marehemu kwa kipuri alichokipata, na mlaghai aliyepanga udanganyifu wake kwa miaka, wote wawili huitwa watengenezaji wa saa bandia. Hilo si kosa dogo. Saa ya kale ni mali. Hurithiwa, huuzwa, hubishaniwa mahakamani. Na neno likikosea, huyu huvunjiwa heshima asiyostahili kuvunjiwa, na yule hupona asiyestahili kupona.

Lugha yetu si maskini katika jambo hili. Neno saa tumelipata kwa Kiarabu, na kwalo twataja chombo, muda wa dakika sitini, na hata wakati wenyewe wa siku. Vijiti vinavyoonyesha saa na dakika kamusi zetu huviita akrabu, neno ambalo kwa Kiarabu ni nge, ingawa wengi leo husema mishale. Sisi tutatumia akrabu, kwa kuwa mshale tutauhitaji baadaye kwa jambo jingine. Utepe wa chuma uliokunjwa ambao huisukuma saa ni kamani, neno lililotufikia kutoka India. Twasema kutia saa ufunguo, ijapokuwa ufunguo wenyewe ulianza kutoweka tangu Adrien Philippe alipoonyesha mjini Paris, mwaka 1844, saa ijazwayo kwa kuzungusha kitufe. Msemo umebaki, kifaa kimekwenda zake. Magurudumu na kamani kwa pamoja tutaviita mashine, na bamba lenye tarakimu ni uso. Kwa chombo kinachoihifadhi mashine tumependelea kasha kuliko kesi, maana kesi imekwisha kupata makao yake mahakamani.

Kwa hiyo majina ya vipande tunayo. Tusichokuwa nacho ni majina ya uhusiano wa kipande na kipande: je, vilizaliwa pamoja, au vimekutana ukubwani?

Historia yatuonya mapema tusidhani kwamba saa ilipata kuwa kazi ya mkono mmoja. Katika milima ya Jura nchini Uswisi, tangu karne ya 18, wakulima waliofungiwa na theluji walichonga vipande majumbani mwao: huyu magurudumu, yule skrubu, jirani yake akrabu. Mfanyabiashara alivikusanya, akawapa mafundi waviunge, kisha akaandika jina lake usoni. Mwaka 1793 kilianzishwa huko Fontainemelon kiwanda cha mashine ghafi, yaani mashine zisizokamilishwa, zilizouzwa kwa yeyote aliyetaka kuzimaliza na kuziita zake. Desturi hiyo haikufa upesi. Katika karne ya 20 mashine iliyoitwa Valjoux 72 ilitiwa katika saa za majina mengi, Rolex ikiwemo, na ile ambayo Omega waliiita kalibra 321 ilibuniwa na Lemania. Basi mtu akiitoa mashine katika saa isiyo na jina na kuitia katika kasha la jina kubwa, chuma chenyewe hakimshitaki, isipokuwa kwa alama ndogo zilizopigwa juu yake.

Huko Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kampuni iliyoanzishwa Roxbury mwaka 1850 na Aaron Dennison pamoja na wenzake, kisha ikahamia Waltham mwaka 1854, ilikusudia vipande vitengenezwe kwa mitambo na vifanane, hata kimoja kiweze kushika nafasi ya kingine bila ya kukwanguliwa kwa tupa. Lengo hilo halikufikiwa kwa siku moja, lakini kufikia maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876 lilikuwa limewatia hofu Waswisi. Jacques David, aliyetumwa kutoka kwao, aliandika taarifa ya kuwaonya wenzake. Kipuri cha saa, kwa maana tuijuayo leo, ni mtoto wa fikra hiyo. Na linalotuhusu zaidi ni jambo ambalo wanunuzi wa siku hizi hulisahau: saa nyingi za mfukoni za Marekani ziliuzwa mashine mbali na kasha mbali. Mashine zilipewa namba za ukubwa, 18, 16, 12 na kadhalika, na kampuni nyingine zikatengeneza makasha kwa vipimo hivyohivyo. Mnunuzi alichagua mashine kwa kadiri ya haja yake na kasha kwa kadiri ya mfuko wake, naye sonara akaviunga palepale dukani. Saa ya namna hiyo mtu akiiuliza leo kama kasha lake ni la asili, swali lenyewe halina mguu wa kusimamia. Bei ya dhahabu ilipopanda mno mwaka 1980, makasha mengi yaliyeyushwa, mashine zikabaki yatima. Na baadhi ya yatima hao wametiwa katika makasha mapya yenye vishikio vya mkanda, wakaanza maisha ya saa za mkono wakiwa na umri wa miaka mia.

Lakini mfano unaofundisha kuliko yote ni ule wa saa za jeshi la Uingereza. Katika Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliagiza Uswisi saa za mkono kwa ajili ya askari wake, zenye uso mweusi, tarakimu nyeupe na kasha lisilopenya maji, nazo zikafika mwaka 1945, vita vikiwa vimekwisha au vikielekea kwisha. Watengenezaji walikuwa 12: Buren, Cyma, Eterna, Grana, IWC, Jaeger-LeCoultre, Lemania, Longines, Omega, Record, Timor na Vertex. Juu ya kila kifuniko cha nyuma zilichorwa herufi W tatu, namba ya jeshi, na alama ya mshale mpana, ambayo tangu zamani ni chapa ya mali ya serikali ya Uingereza. Huu ndio mshale tulioutunzia nafasi.

Sasa tazama yaliyozipata saa hizo baada ya vita. Jeshi halikuwa mkusanyaji wa vitu vya kale. Lilitaka saa ielekezayo wakati sawasawa, basi. Katika karakana zake, saa zilifunguliwa kwa wingi, vipande vikasafishwa, na saa zikaungwa tena kwa vipande vilivyokuwa karibu na mkono, bila ya fundi kujali kama akrabu hizi zilitoka katika kasha lile. Zaidi ya hayo, nyuso za mwanzo zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani, na hatari ya radiamu ilipozidi kufahamika jeshi likaziondoa nyuso nyingi na kuweka mpya zenye tritiamu, ambazo zilitiwa herufi T ndani ya duara. Hata saa za marubani za IWC, aina ya Mark 11, zilizoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940, zilibadilishwa nyuso kwa namna hiyohiyo.

Je, saa ya mwaka 1945 yenye uso wa miaka ya 1960 ni ya asili? Kiwandani haikutoka hivyo. Lakini aliyeibadilisha ni mwenyewe, tena kwa sababu njema, na mabadiliko hayo sasa ni sehemu ya historia yake kama kovu lilivyo sehemu ya historia ya mtu. Wakusanyaji wengi huzikubali saa hizo wazi, wakataja tu kwamba uso si wa kwanza. Kuziita bandia ni upuuzi. Kuziita za asili bila ya kuongeza neno ni kuficha. Hapa ndipo upungufu wa istilahi unapoonekana kwa macho.

Yafaa tuseme pia jinsi mafundi wanavyotambua, kwa kuwa istilahi isiyolala juu ya dalili zinazoonekana haina kazi. Dalili ya kwanza ni namba. Namba ya mashine na namba ya kasha hulinganishwa na miaka ya kiwanda. Zikipishana kwa miaka kumi, kimojawapo kimehamia. Dalili ya pili ni miguu ya uso. Nyuma ya uso huwa kuna vijiti vidogo, kwa kawaida viwili, vinavyoingia katika matundu ya mashine, na kila aina ya mashine ina mahali pake pa matundu hayo. Mtu akitaka kuuweka uso juu ya mashine isiyo yake hulazimika kuvikata vijiti na kuubandika kwa gundi. Uso usio na miguu, basi, umesema yote kabla mwenye saa hajafungua kinywa. Kadhalika pete iliyozungushiwa mashine ndogo ili ijaze kasha kubwa, au kitufe kinachoingia kwa kupinda kwa sababu tundu la kasha halikabili mhimili wake.

Dalili ya tatu ni mwanga, nayo ndiyo tamu kuliko zote. Radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi, ilhali tritiamu hupungua nusu kwa miaka 12 na kidogo. Kwa hiyo uso wa radiamu huendelea kukisisimua kipima mionzi hata kama rangi yenyewe imeungua na haing'ai tena (na kwa sababu hiyohiyo mtu asiyejua asiukwangue wala kuupuliza), nao uso wa tritiamu wa mwaka 1965 umekwisha kufifia. Rangi mpya zisizo na mionzi, zilizoanza katika miaka ya 1990, hung'aa sana zikimulikwa taa kisha hutulia. Ukikuta saa ya mwaka 1965 ambayo uso wake wang'aa sana na akrabu zake zimekufa, vimekutana ukubwani. Tena akrabu za radiamu zikilala mahali pamoja kwa miaka huacha kivuli cha rangi ya kahawia juu ya uso. Kivuli kikiwa na umbo jingine na akrabu zilizopo zina umbo jingine, kuna akrabu zilizoondoka zikaacha ushahidi. Yapo pia maandishi ya chini ya uso: herufi T mbili kandokando ya jina la Uswisi zilimaanisha tritiamu, na kutokuwepo kwake juu ya saa ya wakati huo yenye rangi ya kung'aa ni jambo la kuulizwa.

Hayo yote hutegemea kwamba aliyechanganya vipande hakuwa na haja ya kuficha, au hakuwa hodari wa kuficha. Mwaka 2021 dunia ya saa ilijifunza kwamba pana mtu wa tatu.

Mwezi wa Novemba mwaka huo, mjini Geneva, iliuzwa mnadani na Phillips saa ya Omega Speedmaster ya aina ya kwanza, CK2915, iliyotoka mwaka 1957. Uso wake mweusi ulikuwa umegeuka kahawia kwa miaka, hali ambayo zamani ingehesabiwa uchakavu na leo hulipiwa kama johari. Makadirio yalikuwa franki za Uswisi 80,000 hadi 120,000. Ilinunuliwa kwa zaidi ya franki milioni 3.1, na mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, kwa ajili ya jumba lao la makumbusho. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikatangaza kwamba saa ile iliungwa kutokana na vipande vya mahali mbalimbali, vingi vyake vikiwa vya Omega kweli, na kwamba watu watatu waliopata kuwa wafanyakazi wake walihusika.

Ndugu msomaji, jaribu kuiita saa hiyo jina kwa Kiswahili. Ukisema ni bandia, utaulizwa: kipande gani? Vingi ni vya kiwanda kilekile. Ukisema ni halisi, waliotoa milioni tatu watalia. Waingereza na Wamarekani huita saa ya namna hii kwa jina la Frankenstein, kutokana na riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818, ambamo mtaalamu huumba kiumbe kwa viungo vya maiti. Wengi hudhani Frankenstein ni jina la kiumbe, kumbe ni la aliyekiumba. Kwa bahati kosa hilo linafaa, maana katika saa ile la kulaumiwa si kiumbe. Wengine huita mchanganyiko wa mashine na kasha ndoa. Hatuwezi kuwafuata huko. Kwetu ndoa ni jambo la heshima, na mtu akiambiwa saa yake ina ndoa atatoa shukrani.

Tuanzie basi katika maneno tuliyo nayo. Bandia, katika matumizi yake ya siku zote, halina udanganyifu ndani yake. Mtoto wa bandia hamdanganyi msichana anayemchezea. Meno ya bandia hayamdanganyi anayeyavaa. Neno lataja kitu kilichotengenezwa kishike nafasi ya kingine au kifanane nacho. Kughushi ni jambo jingine. Neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, latutajia tendo la mtu na nia yake: hundi hughushiwa, wosia hughushiwa, na sheria yetu humwadhibu aliyeghushi. Karatasi ya hundi iliyoghushiwa yaweza kuwa ya benki kweli, na wino ukawa wino wa kweli. Uongo umo katika kauli inayobebwa. Saa ya Geneva ilikuwa ghushi bila ya kuwa bandia. Na saa ya bei ndogo sokoni yenye jina la Rolex, ambayo muuzaji na mnunuzi wote wajua ilivyo, ni bandia, na hila iliyomo ni dhidi ya mwenye jina, si dhidi ya mnunuzi. Tukiyatenga maneno hayo mawili tu, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa nusu iliyobaki twapendekeza tuazime kutoka nyumbani. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja twawaita wa tumbo moja. Vipande vilivyotoka kiwandani pamoja ndani ya saa moja na viitwe vipande vya tumbo moja. Kipande cha kweli, cha mtengenezaji yuleyule na cha aina ileile, kilichotolewa katika saa nyingine, na kiitwe kipande cha kambo: ni wa ukoo, wala si haramu, lakini hakuzaliwa humu. Kilichotengenezwa baadaye na kiwanda chenyewe kwa ajili ya matengenezo ni kipuri cha kiwanda, na kilichotengenezwa na wengine ni kipuri cha nje. Saa nzima ambayo sehemu zake kubwa, yaani kasha, mashine na uso, si za tumbo moja, iitwe saa ya viraka. Tumesikia pingamizi kwamba kiraka ni neno la umaskini. Hatulikatai. Lakini nguo ya viraka huvaliwa mchana, na kiraka hakijifichi. Sifa hiyo ndiyo tunayoitaka.

Uso waweza kuongezwa kitu bila ya kubadilishwa. Mfano wake ni saa za Rolex zilizoagizwa kwa ajili ya Sultani Qaboos wa Oman, zenye nembo ya jambia usoni. Nembo hiyo huipandisha bei ya saa mara nyingi, na kwa hiyo wapo wanaoipiga leo juu ya uso wa kawaida. Kila kipande cha saa hiyo chaweza kuwa cha tumbo moja, nayo bado ikawa ghushi kwa sababu ya nembo moja. Istilahi ya kipande haitoshi peke yake. Nembo nayo lazima itajwe ilitiwa na nani na lini.

Imebaki saa mpya za sura ya kale. Siku hizi wapo wapenzi wengi, na mafundi wadogo kwa wakubwa, wanaonunua mashine ya NH35 itokayo katika kundi la Seiko, kasha kwa huyu, uso kwa yule, akrabu kwa mwingine, wakaunga saa inayofanana na ile ya wapiga mbizi ambayo Seiko waliitoa mwaka 1965. Kazi hiyo ni ya halali, tena yafundisha vijana ufundi kwa gharama ndogo. Twaona ni udugu wa wale wakulima wa Jura. Jina lake liwe saa ya mtindo wa kale. Haina haja ya kuitwa bandia, maadamu uso wake hauna jina la mwingine. Ukitiwa jina la Seiko, imehamia upande wa pili wa mto.

Tumejaribu maneno haya juu ya saa ya kubuni ya jeshi la Uingereza, kama ambavyo cheti cha muuzaji kingeweza kuandikwa, ili wasomaji wayapime na kutuletea wanayoyaona bora: "Saa ya mkono ya jeshi la Uingereza, Omega, 1945. Kasha na mashine ni vya tumbo moja kwa ushahidi wa namba. Uso ni wa tritiamu, uliowekwa na jeshi katika miaka ya 1960. Akrabu ya dakika ni ya kambo. Kitufe na kioo ni vipuri vya nje. Mshale mpana upo kifunikoni, haukuchorwa upya."